Kidonge cha tezi alfajiri, vya damu usiku

Mimba yangu ya kwanza niliipeleka vibaya. Nina tezi ya shingo iliyolegea kazi, na kila asubuhi, hapa Ngamiani, nilikuwa nikimeza levothairoksini (dawa ya tezi), vidonge vya damu na vya kalsiamu kwa pamoja, nikishushia na chai ya maziwa. Wiki ya 34 presha ikafika 160/110, uso umevimba, pete haivuki kidole. Siwezi kusema ni vidonge tu vilivyosababisha. Lakini tezi iliyolegea isipotibiwa, hatari ya kifafa cha mimba huongezeka, na yangu ilikuwa kama haitibiwi.

Mwenzangu, madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu, na kalsiamu, huinasa dawa ya tezi tumboni isiingie mwilini. Usiviache vidonge hivyo, vina kazi yake. Vitenganishe kwa saa 4 au zaidi. Mimba ya pili nilimeza cha tezi adhana ya alfajiri ikilia, kwa maji matupu, chai nikainywa baada ya saa nzima. Vya damu na kalsiamu nikaviweka kabatini kando ya sahani, vya usiku.

Ukiona mistari miwili tu kwenye kipimo cha mimba, muone daktari wiki hiyohiyo. Mtoto hutegemea homoni zako mpaka karibu nusu ya mimba, kwa hiyo dozi ya zamani mara nyingi haitoshi. Mahitaji hupanda kwa asilimia 25 hadi 50. Pima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama tezi inafanya kazi sawasawa, kila wiki 4 mpaka nusu ya mimba, na majibu yasomwe kwa viwango vya mjamzito, maana miezi 3 ya mwanzo TSH hushuka yenyewe. Muulize pia kuhusu aspirini ya dozi ndogo, hasa kama presha ilishakusumbua. Usijianzishie.

Chumvi iwe yenye madini joto, ila usiizidishe.

Kliniki usiondoke kabla namba zote mbili za presha hazijaandikwa kwenye kadi na mkojo haujapimwa protini. Baada ya wiki 20, 140/90 si ya kungojea. Kichwa kinachogonga panadol isikitulize, vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu za kulia: ondoka usiku huohuo, hata kama umeshajifungua. Mimi kichwa nilikipuuza siku 2.

Ukishajifungua, daktari hukurudisha kwenye dozi ya zamani. TSH hupimwa tena wiki ya 6, siku unayompeleka mtoto chanjo.