Spoki ya baiskeli ikikatikia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), usivue tairi lisilo na tyubu

Zungusha gurudumu hadi nati ya spoki iliyokatika, ile iliyo kwenye rimu, ikae juu kabisa. Ibane kwa koleo, fungua kipande kilichobaki, kisha ukaze spoki mpya kwenye nati ileile. Ikiwa juu, nati inaning'inia kwa kichwa chake wala haitumbukii ndani ya rimu. Tepu iliyobandikwa ndani ya rimu haiguswi, maji ya kuziba matundu yaliyo ndani ya tairi hayamwagiki. Urefu na upande wa kuingilia vifanane na za jirani, maana ndefu mno hutoboa tepu. Nyuma, upande wa mnyororo, lazima ung'oe kwanza meno ya gia (kaseti). Barabara za marramu za Fort Portal, Uganda, hazina huruma: beba spoki mbili. Uzi wa spoki (ncha yake yenye skrubu) ukikatikia ndani ya nati, hapo hakuna njia, vua tairi na tepu.