Kabla ya Dripu ya Kwanza, Piga Picha

Shangazi yangu mwenye saratani ya titi alipoambiwa kwamba atapewa kemo (dripu za dawa za kuua saratani) kwanza na upasuaji wa titi utafuata baadaye, sisi wasindikizaji tulihangaika na nauli, watu wa kuchangia damu, na nani atalala naye. Hatukukumbuka picha. Baada ya mizunguko miwili ya dripu daktari mwingine akauliza, "Ulipoanza, uvimbe ulikuwa na ukubwa gani?" Tulichokuwa nacho ni neno moja kwenye karatasi ya rufaa: "mkubwa". Nayaandika haya ili mwingine asije akakwama palepale.

Kemo inayotangulia upasuaji ina faida yake: uvimbe bado upo, kwa hiyo dawa inaonekana ikifanya kazi. Uvimbe ukinywea mapema, ni dalili njema. Usipotikisika, madaktari bado wana nafasi ya kubadilisha dawa au kuwahisha upasuaji. Lakini huwezi kusema umenywea bila kujua ulianzia wapi. Sentimita 5 zikibaki 3, umepungua kwa 40%, na kwa vigezo vya RECIST, yaani kanuni za kupima mabadiliko ya ukubwa wa uvimbe zinazotumiwa na watafiti wengi, kupungua kuanzia 30% huhesabiwa kuwa umeitikia dawa. Hiyo 3 peke yake haisemi kitu.

Kwa hiyo ombeni kipimo kabla ya dripu ya kwanza. MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) ikipatikana na mfuko ukiruhusu, ndiyo yenye macho makali zaidi. Mgonjwa hulala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye nafasi mbili za kitanda, kisha huingizwa dawa ya gadoliniamu kwenye mshipa. Mishipa ya damu ya saratani huvuja, hivyo uvimbe huwaka haraka kwenye picha, na ujazo wa sehemu inayowaka hupimwa. Mwaka 2012 mtafiti Nola Hylton wa San Francisco na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa I-SPY 1 kule Marekani: MRI ilitabiri mwitikio wa dawa vizuri kuliko daktari kupapasa kwa mkono, hasa ujazo ulipopimwa mapema katika matibabu.

Kabla ya siku hiyo, hakikisheni figo zimepimwa. Semeni kama mgonjwa ana kifaa cha moyo, chuma chochote mwilini, mimba, au kama hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Pini za mtandio na kipini cha pua vibaki nyumbani. Wakitaka PET (picha nyingine, inayotumia sukari yenye mionzi kidogo), mgonjwa hufunga kula kwa saa 4 hadi 6, maana kipimo hicho hufuata sukari inavyoliwa na seli. Mwenye kisukari aseme mapema apewe maelekezo yake.

MRI ikishindikana, ultrasaundi isidharauliwe. Ila ipigwe kwa mashine ileile kila mara, na mtu yuleyule ikiwezekana, na kwapa lipimwe pia.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: ulizeni kuhusu klipu. Ni kijichuma kidogo kuliko punje ya mchele, huwekwa ndani ya uvimbe wakati wa kuchukua kinyama cha kupima au mapema katika matibabu. Kemo inaweza kuuyeyusha uvimbe usionekane tena, na hapo daktari wa upasuaji anakuwa hana alama ya pa kukata.

Majibu ya HER2 (protini inayoweza kuwa nyingi kwenye seli za saratani) na ya vipokezi vya homoni yawepo kwenye faili pia. Saratani yenye HER2, na ile isiyo na HER2 wala vipokezi viwili vya homoni (estrojeni na projesteroni), mara nyingi huyeyuka kuliko zile za homoni, na msomaji wa picha anahitaji kulijua hilo.

Ombeni CD yenye picha zenyewe, siyo ripoti tu. Andikeni juu yake jina, tarehe, na kama ni kabla ya dripu au baada ya dripu ya ngapi. Ya shangazi sasa iko kwenye bahasha ya nailoni pamoja na kadi yake ya kliniki.

Na picha ikija safi kabisa, msighairi upasuaji. Vijisehemu vya saratani visivyofikiwa na mashine huonekana tu pale nyama iliyokatwa inapowekwa chini ya darubini. Shangazi aliposikia "hauonekani tena" alitaka turudi kijijini siku hiyohiyo. Tulikaa naye kwenye benchi la nje mpaka akakubali kupangiwa tarehe.