Angalizo la mvua kubwa likitolewa, urea ibaki ndani

Ndugu wakulima wa Hai, Rombo na Moshi Vijijini, kila masika tunarudia kosa lilelile. Mtu anasikia redioni kwamba mvua kubwa inakuja, anakimbilia shambani na mfuko wa urea ili mvua iiyeyushe. Kesho yake mbolea imeshuka na maji. Nimesimama kwenye shamba la namna hiyo: juu mahindi yanayofika magotini yamepauka na kuwa njano, chini kwenye mtaro wa mpakani nyasi zimenawiri, kijani kibichi mpaka nyeusi. Mfuko mzima ulilisha nyasi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema mvua kubwa, inamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Piga hesabu ya ekari: milimita 50 ni zaidi ya lita laki mbili, yaani mapipa 1,000 yanamwagwa juu ya mbolea uliyoiweka jana, na shamba lenyewe ni la mteremko.

Katika utabiri wa siku tano, njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi wakiona njano husema, "Ni angalizo tu." Hapana! Kwa urea, njano inatosha. Ukiona mkoa wetu umetajwa leo, kesho au keshokutwa, usifungue mfuko.

Na theluji ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, si utabiri. Kilele kiko mita 5,895. Weupe mnaouona alfajiri mawingu yakifunguka ni wa kilichoanguka kule juu, hauwaambii lolote kuhusu mvua ya kesho shambani.

Mvua kubwa ikipita, subiri siku mbili. Fukua sentimita 10, finya udongo kiganjani. Maji yakichuruzika, bado. Ukishikamana bila kuchuruzika, weka: kizibo kimoja cha soda, kilichosawazishwa kwa kidole na si cha kurundika, kwa kila shimo lenye miche miwili. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo karibu 9,000, na mfuko wa kilo 50 unatosha. Iwe sentimita 10 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 5, kisha fukia. Nimesema fukia! Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu inageuka hewa. Ile harufu kali ni fedha yako inayopaa. Mvua ya milimita 10 hadi 20 baada ya hapo ndiyo tunayoiombea.

Mahindi hayafi kwa kuchelewa siku nne. Yakishaipata, majani yatarudisha kijani ndani ya wiki hivi.

Tegeni pia kopo la kupimia mvua, lenye kuta zilizonyooka, mbali na miti na paa, mpime kwa rula kila siku saa 3 asubuhi na kuandika kwenye daftari.