Kujua kama nyumba yako Dar inatitia kwa sababu ya maji ya visima

Mwaka juzi nilimsaidia mama mmoja wa Kinondoni ambaye nyumba yake ya ghorofa ilianza kupasuka baada ya majirani kuchimba visima. Fundi wa kwanza alikuwa ameshaziba nyufa kwa saruji, ushahidi ukapotea. Usizibe kitu mpaka umalize haya.

Hatua ya 1: Nyufa
Andika ukutani tarehe na upana wa kila ufa. Gongomea msumari mmoja kila upande wa ufa, upime kati yao kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita) kila mwezi. Kipande cha kioo kinachobandikwa juu ya ufa sikipendi: kikivunjika kinakwambia ukuta umesogea, hakisemi kwa kiasi gani. Ufa usiozidi milimita 1 ni kazi ya rangi. Ukizidi milimita 25, weka mihimili ya kushikilia kwanza, vipimo vifuate.

Hatua ya 2: Udongo
Mwombe mchimba kisima kumbukumbu ya tabaka alizopitia. Sehemu kubwa ya Dar ina mchanga juu, kisha mfinyanzi, kisha mchanga tena wenye maji. Mchanga haubonyei sana. Mfinyanzi ndio unaokamuliwa polepole, kwa miaka.

Hatua ya 3: Kina cha maji
Hapa nilipoteza siku tatu. Nilishusha tepu yenye uzito asubuhi nikapata mita 14, jioni mita 17, nikadhani maji yanakimbia. Kumbe jirani alikuwa anajaza matangi. Pampu ikivuta, unapima shimo lililovutwa, si maji ya eneo. Zima pampu usiku kucha, waombe majirani nao wazime, upime alfajiri, kila mara kuanzia alama ileile kwenye mdomo wa bomba.

Karibu na ufuo angalia na bahari: siku za bamvu, maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana, kisima hupanda na kushuka pamoja nayo, kwa hiyo pima bahari ikiwa katika hali ileile. Usilinganishe Mei, masika yakiisha, na Septemba ya kiangazi. Linganisha Septemba na Septemba.

Jambo kubwa zaidi: kisima kirefu kinasoma mchanga wa chini. Hakikuonyeshi maji yaliyo juu ya mfinyanzi, karibu na msingi wako. Tafuta pia kisima kifupi cha kamba, upime vyote viwili. Maji hubeba sehemu ya uzito wa ardhi. Yakishuka mita 1, mfinyanzi huongezewa mzigo unaofika karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba.

Hatua ya 4: Usawa
Tumia mpira unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila mapovu: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Nauamini kuliko leza ya bei rahisi. Weka alama kwenye nguzo zote, urudie baada ya miezi 12, maana sakafu nyingi zilijengwa zikiwa zimepinda tangu mwanzo. Gawanya tofauti ya mshuko kati ya nguzo mbili kwa umbali ulio kati yao. Kwa mita 4, milimita 8 ni 1 kwa 500, anza kuwa makini. Milimita 13 ni 1 kwa 300, kuta hupasuka. Milimita 27 ni 1 kwa 150, fremu yenyewe iko hatarini.

Hatua ya 5: Mhandisi
Kwanza kagua karo la choo na mabomba karibu na kona iliyopasuka. Maji yanayovuja huosha mchanga na kuacha nyufa zinazofanana na hizi. Yakiwa salama, mpelekee daftari la vipimo vyako mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kona ya yule mama ilikuwa imeshuka milimita 9, na karo lilikuwa zima.