Namna ya kufuatilia habari za jamii ya PHP na kupata kazi ndani yake

Mtu anayeandika programu kwa lugha ya PHP hana sababu ya kushtushwa na habari za lugha yake, kwa kuwa habari hizo hujulikana miezi mingi kabla, hujadiliwa hadharani na hazilipiwi hata senti. Hata hivyo wengi wetu huzipata siku tovuti ya mteja inapozimika. Niliwahi kuhudumia mfumo wa chama cha akiba na mikopo uliokuwa ukitumia PHP 7.4, na usiku mmoja kampuni iliyotupangisha seva ikaihamishia kwenye toleo la 8.0. Asubuhi ukurasa wa taarifa za mikopo haukufunguka kwa mwanachama yeyote asiye na mkopo. Sababu ilikuwa ndogo: amri ya count, ambayo huhesabu vilivyomo ndani ya orodha, ilikuwa ikipewa thamani tupu, tangu toleo la 7.2 PHP ilikuwa ikitoa onyo juu ya jambo hilo, na katika 8.0 onyo likawa kosa linalosimamisha programu. Onyo hilo nilikuwa nimelizima mwenyewe ili lisionekane kwenye skrini. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kufuatilia habari, na utaratibu huo huo ndio ulionipatia kazi nyingi nilizofanya baadaye.

Anza na kalenda

Tangu PHP 8.0 ilipotoka tarehe 26 Novemba 2020, kila mwaka limetoka toleo jipya kati ya mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba: 8.1 mwaka 2021, 8.2 mwaka 2022, 8.3 mwaka 2023, 8.4 tarehe 21 Novemba 2024, na 8.5 tarehe 20 Novemba 2025. Kabla ya siku hiyo hutangulia matoleo ya majaribio, ambayo huanza kutolewa katikati ya mwaka; kufikia Septemba mambo mapya huwa yameshafungwa, na kinachobaki ni kusaka kasoro. Kwa hiyo anayesoma habari mwezi Septemba ana kama miezi miwili ya kujiandaa, ilhali anayengoja tangazo la Novemba anaanza akiwa nyuma.

Upande wa pili wa kalenda ni mwisho wa matunzo, na huu ndio wenye fedha. Kwa utaratibu uliopitishwa mwaka 2024, kila toleo hupata miaka miwili ya marekebisho ya kawaida, kisha miaka miwili mingine ya marekebisho ya usalama pekee, na mwisho wake huangukia tarehe 31 Desemba. Toleo la 8.1 lilifikia mwisho huo mwaka 2025, 8.2 litaufikia mwaka 2026, 8.3 mwaka 2027 na 8.4 mwaka 2028. Chukua daftari, andika jina la kila mteja au taasisi unayoihudumia, ingia kwenye seva yake na uandike amri ya php -v, inayoonyesha toleo la PHP linalotumika, kisha weka toleo lake kando ya tarehe hizo. Orodha hiyo ni mpango wako wa kazi wa mwaka mzima. Mteja anayeelezwa mwezi Machi kwamba mfumo wake utaacha kupata kinga ya usalama mwezi Desemba, na akapewa makadirio ya gharama, hukubali kwa urahisi zaidi kuliko yule anayepigiwa simu mambo yakiwa yameshaharibika.

Mahali pa kusoma, na mpangilio wa kusoma

Tovuti rasmi ya php.net hutangaza kila toleo, lakini tangazo hutanguliza mazuri. Faili linalostahili muda wako huitwa UPGRADING, nalo hukaa pamoja na msimbo wa PHP kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kuufanyia kazi kwa pamoja. Sehemu yake ya kwanza inaeleza mabadiliko yanayoweza kuvunja programu za zamani. Isome yote, mstari kwa mstari, kabla ya kugusa sehemu ya mambo mapya. Baada yake tafuta sehemu ya mambo yaliyoanza kuachwa, kwa kuwa kinachotolewa onyo leo ndicho kitakachoondolewa kesho kutwa. Ndani ya faili hilo ndipo ningeliikuta habari ya count mapema.

Anayetaka kuona mbali zaidi asome mapendekezo ya mabadiliko, yanayojulikana kwa herufi RFC, katika wiki.php.net/rfc. Pendekezo huandikwa, hujadiliwa kwa muda usiopungua wiki mbili, kisha hupigiwa kura, na badiliko la lugha huhitaji theluthi mbili ya kura ili lipite. Ukurasa wa kila pendekezo unaonyesha hali yake: linajadiliwa, linapigiwa kura, limekubaliwa au limekataliwa. Tofauti hizo zishikwe sana. Video nyingi za mtandaoni hutangaza kwamba PHP italeta jambo fulani, ilhali jambo lenyewe bado linajadiliwa na huenda likakataliwa. PHP 6 ni ushahidi: ilizungumzwa kwa miaka, vitabu vikachapishwa kwa jina lake, na mwaka 2010 kazi yake ikasitishwa, lugha ikaruka kutoka 5 hadi 7 mwezi Desemba 2015.

Mapendekezo yaliyokataliwa nayo yana faida, na kwa maoni yangu ndiyo shule bora kuliko zote katika jamii hii. Alama ya bomba, |>, ambayo humwezesha mtu kupitisha matokeo ya amri moja kwenda amri nyingine kwa mfuatano, ilipendekezwa na Larry Garfield na kukataliwa kwa kura mwaka 2021. Alirudi na andiko lililoboreshwa, likakubaliwa mwaka 2025, na alama hiyo ikaingia katika 8.5. Ukiyasoma maandiko yote mawili kwa pamoja utaona jinsi hoja inavyojengwa, jinsi pingamizi linavyojibiwa bila kugombana, na kwa nini lugha inayoendesha zaidi ya asilimia 70 ya tovuti ambazo lugha yake ya seva inajulikana haiwezi kubadilishwa kwa pupa.

Habari za usalama zisisubiri zamu ya wiki. Composer, chombo cha kuleta maktaba za PHP, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili utumike tena, tangu toleo lake la 2.4 la mwaka 2022 kina amri ya composer audit, inayolinganisha maktaba za mradi wako na orodha ya udhaifu uliokwisha kutangazwa. Iendeshe kila siku kwa kila mradi, kwa kuiweka kwenye ratiba ya seva, ili majibu yakufikie kwa barua pepe bila wewe kukumbuka.

Kutoka kwenye habari hadi kwenye kazi

Mwezi Novemba 2021 Nikita Popov, mmoja wa watu waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya ndani ya PHP, alitangaza kwamba anahamia mradi wa LLVM, unaotengeneza zana za kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Jamii ilitambua kwamba lugha nzima ilikuwa imeegemea mabega ya watu wachache mno, na mwezi huo huo kampuni kadhaa, zikiwemo JetBrains, Automattic, Laravel, Symfony na Zend, zikatangaza kuanzishwa kwa PHP Foundation, inayokusanya michango na kuwalipa waandishi wa programu wafanye kazi ya lugha yenyewe. Kwa mwanajamii wa kawaida habari hiyo ina maana moja kubwa: kazi ya PHP ya ndani sasa ina mlango wa malipo, na njia ya kuufikia mlango huo ni kazi inayoonekana. Cheti peke yake hakikufikishi hapo.

Njia ya kuanza ambayo ningempendekezea kijana yeyote ni majaribio. Matoleo ya majaribio yanapotoka, liweke moja ndani ya kontena la Docker, yaani mazingira yaliyotengwa na sehemu nyingine ya kompyuta yako, endesha mradi wako halisi juu yake, na uandike kila kinachovunjika. Ukithibitisha kwamba kosa ni la PHP na si lako, punguza msimbo hadi mistari michache inayolionyesha kosa hilo, kisha uripoti kwenye php-src, hazina ya msimbo wa PHP huko GitHub, ukitaja toleo, matokeo uliyoyapata na matokeo uliyoyatarajia. Ripoti fupi iliyo safi huwafanya wahusika walikumbuke jina lako. Hatua inayofuata ni kuandika jaribio lenyewe katika faili la phpt, ambalo ni maandishi mepesi yenye msimbo na matokeo yake. Huhitaji kujua lugha ya C ili kuandika moja.

Mlango wa pili ni nyaraka. Mwongozo rasmi wa PHP hutunzwa kwenye GitHub, na mtu yeyote anaweza kutuma sahihisho la mfano uliopitwa na wakati. Umetafsiriwa kwa Kifaransa, Kijapani, Kireno cha Brazili, Kituruki na lugha nyingine, lakini haupo kwa Kiswahili. Sishauri mtu mmoja ajitwike mwongozo mzima, kwa sababu maelfu ya kurasa yatamshinda na tafsiri iliyotelekezwa hupotosha wasomaji. Anza na WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti unaotumika kuliko yote iliyoandikwa kwa PHP, ambao tafsiri zake hufanyika kwenye translate.wordpress.org, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Sentensi unayoipendekeza husubiri mhariri wa lugha aikubali. Kabla ya kuandika, soma istilahi zilizokwisha kukubaliwa uzifuate hata kama una neno unaloliona bora, maana mtumiaji akikutana na programu-jalizi ukurasa mmoja na kiendelezi ukurasa mwingine atadhani ni vitu viwili. Ukitaka neno libadilike, lizungumzie na wahariri kwanza. Kazi hii hailipwi, lakini inakufundisha jinsi mradi wa maelfu ya watu unavyoendeshwa, na jina lako hubaki kwenye kumbukumbu zake.

Mlango wa tatu uko karibu zaidi na mfuko. Packagist, ghala la maktaba za PHP, lina maktaba nyingi za kuunganisha malipo ya simu, hasa M-Pesa kupitia huduma ya Daraja ya Safaricom, na baadhi yake hazijaguswa tangu enzi za PHP 7. Biashara zinazozitegemea haziwezi kupanda toleo mpaka mtu azirekebishe. Tafuta maktaba moja ambayo wateja wako wanaitumia kweli, irekebishe ipite kwenye 8.4 na 8.5, tuma kazi yako kwa mwenye maktaba, na kama ameshaiacha, mwombe kwa adabu akukabidhi. Nimeona zaidi ya mara moja mawasiliano ya namna hiyo yakizaa mkataba, kwa sababu anayekuandikia kuuliza habari za maktaba huwa tayari ana mfumo unaohitaji fundi.

Mikutano inafaa pia, ila ipime kwa gharama. Mikutano mingi ya PHP ya Ulaya na Marekani hugharimia nauli na malazi ya wazungumzaji, na mwito wa kupeleka mada hutolewa miezi mingi kabla. Muda huo ni wa lazima kwa anayehitaji viza. Mada inayotokana na mazingira yetu, kama vile mfumo unaopokea malipo ya simu wakati mtandao unakatika katikati ya muamala, ina uzito kuliko utangulizi mwingine wa mambo mapya ya lugha. Kwa asiyetaka kwenda mbali, mikutano ya WordCamp, ya jamii ya WordPress, imewahi kufanyika Nairobi na Kampala, na huko mzungumzaji wa mara ya kwanza hupokewa vizuri.

Matangazo ya kazi yachunguzwe

Kazi za mbali za PHP hutangazwa kwenye tovuti ya LaraJobs, inayohusu zaidi Laravel, fremuweki (kiunzi) ya kujengea programu za PHP, na kwenye kurasa za ajira za kampuni zenyewe. Soma kwanza saa za kazi zinazotakiwa, kwa kuwa Afrika Mashariki inapatana vizuri na saa za Ulaya lakini hukesha usiku kwa ajili ya Marekani ya magharibi. Usilipe ada yoyote ili kuomba kazi.

Jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote ni majaribio ya usaili yanayokuja kama mradi wa kupakua, kwa sababu wapo wahalifu wanaotumia usaili wa bandia kupenyeza programu za wizi kwenye kompyuta za waandishi wa programu. Amri ya composer install, inayosakinisha maktaba za mradi, inaweza kuendesha maagizo yaliyofichwa ndani ya mradi kabla wewe hujafungua faili hata moja. Kwa hiyo fungua faili la composer.json kwanza, tazama sehemu ya scripts, yenye maagizo yanayojiendesha yenyewe, kisha sakinisha kwa kuongeza --no-scripts na --no-plugins, ndani ya kontena au mashine pepe isiyo na nywila zako, funguo za seva za wateja wala pochi ya fedha. Msaili wa kweli hatakukasirikia kwa kufanya hivyo. Anayekuharakisha uendeshe mradi wake moja kwa moja kwenye kompyuta yako, katikati ya simu, mkatie.