SOMO: Kamati ikivuruga ardhi ya jamii, mahakamani unaenda na nini

Swali ni lile lile kila mara: kamati imekodisha malisho, pesa hazionekani, mkutano haujaitishwa tangu zamani, tufanyeje? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Ni ya Kenya, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016.

1. Chukua taarifa rasmi ya hati ya umiliki (official search) kwa msajili wa ardhi. Jina lililo pale ndilo la kutumia kwenye kila karatasi.

2. Kusanya cheti cha usajili, kanuni za jamii, daftari la wanachama, kumbukumbu za mikutano na mikataba. Ukinyimwa, omba kwa barua na upate sahihi ya aliyeipokea.

3. Hesabu watu. Akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya wanaopaswa kuwepo ili uamuzi ufanyike, ni theluthi mbili ya wanachama. Kuuza au kutoa ardhi kunataka theluthi mbili ya wote waliosajiliwa, si ya waliofika. Daftari lina 900? Zinahitajika kura 600. Kumbukumbu zenye sahihi 412 haziuzi hata robo eka.

4. Jaribu suluhu kwanza: wazee, mpatanishi, au njia iliyo kwenye kanuni zenu. Sheria inakupeleka kortini juhudi hizo zikishindikana. Weka barua za mwaliko, tarehe, na nani hakufika. Bila hizo utakutana na pingamizi la awali, yaani ombi la kutupa kesi kabla haijasikilizwa.

5. Nani anashtaki. Hapa ndipo kesi nyingi nzuri zinapofia, kwa hiyo soma polepole. Watu watano wanaandika "kwa niaba ya wanajamii wote" bila karatasi yoyote ya kuwaruhusu, na jaji haingii hata kwenye hoja ya wizi. Kesi ya uwakilishi iko chini ya Agizo la 1, kanuni ya 8, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010: wote muwe na maslahi yaleyale, na wengine wapewe notisi jinsi mahakama itakavyoelekeza. Idhini ya kutenda kwa niaba ya mwingine iwe ya maandishi, yenye sahihi, na iwasilishwe kortini. Andika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya mtu katika daftari la wanachama. ONYO: usichukue karatasi ya mahudhurio ya mkutano ukaibandika kama idhini. Wakili wa upande wa pili huona kwanza kwamba kichwa cha ukurasa kinasema jambo jingine. ONYO la pili: ukitaka maofisa watoe hesabu, washtaki pia kwa majina yao, usiishie kwenye jina la jamii.

6. Fungua kesi Mahakama ya Mazingira na Ardhi, pamoja na ombi la dharura na hati ya kiapo. Taja unachotaka kwa jina: hesabu za mapato, zuio la kukodisha, uchaguzi mpya wa kamati (watu 7 hadi 15). "Mahakama iingilie kati" si ombi. Jaji haji kuwaendeshea ranchi.

7. Zuio la upande mmoja, yaani linalotolewa kabla upande wa pili haujasikilizwa, hutolewa mara moja tu na halizidi siku 14. Usipowafikishia wahusika amri, ombi na hati za madai ndani ya siku 3, linakufa lenyewe. Amri ya kuzuia miamala kwenye hati nayo haifungi ardhi mpaka isajiliwe kwa msajili. Watu hushangilia nje ya korti huku karatasi iko mfukoni.

MASWALI

Mchungaji77: Sijasoma yote mkuu. Jaji anaweza kuwafunga hawa wezi?
— Ungesoma. Hii ni kesi ya madai. Wizi peleka polisi.

Nasieku: Tuko zaidi ya 3,000 na wengi wamehama na mifugo. Sahihi zote tutazitoa wapi?
— Swali zuri, dada. Hamhitaji zote. Wanaoidhinisha watie sahihi, waliobaki wanapata notisi. Mahakama ikiona kumfikia kila mtu hakuwezekani, inaweza kuruhusu tangazo. Ombeni lisomwe pia barazani na kwenye radio ya lugha yenu, maana gazeti halifiki malishoni.

Ole_K: Kwa hiyo unasema wakili hana kazi?
— Onyesha nilipoandika hivyo.

Nasieku: Na mjane aliyefutwa daftarini baada ya mumewe kufa?
— Aliyeolewa katika jamii anakuwa mwanachama moja kwa moja, na kifo cha mume peke yake hakimtoi. Aombe kurejeshwa kwa jina lake mwenyewe, asijifiche ndani ya kesi ya kundi.

Mzee wa Boma: Ranchi yetu ya kikundi bado imesajiliwa kwa sheria ya zamani ya wawakilishi wa vikundi, na wawakilishi hao wanakata viwanja.
— Mzee wangu, ardhi ya namna hiyo haiuzwi, haikodishwi wala haigeuzwi ya mtu binafsi kabla haijasajiliwa chini ya sheria ya 2016. Anza na hoja hiyo.

Mzee wa Boma: Ahsante. Nami niongeze: pitieni sahihi moja moja. Kwenye kumbukumbu za "mkutano" marehemu nao huwa wamehudhuria.
— Kweli kabisa. Ambatisha cheti cha kifo, zungushia jina kwa kalamu nyekundu, na uandike ukurasa wake ndani ya kiapo.