Somo: Kujikinga na jua unaposhinda ufukweni Kigoma

Wenzetu wanaokwenda ufukweni siku za mapumziko, au wanaopanda boti Kibirizi kwenda Hifadhi ya Gombe, wafahamu kwamba upepo wa Ziwa Tanganyika hupoza ngozi lakini hauzuii miale ya urujuanimno, ambayo haionekani wala haina joto la kuhisiwa. Mimi nilisafiri kwa boti nikiwa na fulana isiyo na kola. Njiani sikuhisi lolote, lakini usiku nilishindwa kulaza shingo kwenye mto.

Hatua ya kwanza: zifahamu saa za hatari. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya 45, nasi tuko karibu na ya 30, kwa hiyo Kigoma jua hufika utosini mnamo saa saba mchana, takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Anayedhani kwamba saa nane ukali umekwisha anakosea. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, yaani takriban saa nne hadi saa kumi, kaa chini ya mwembe. Wingu jepesi halizuii miale hiyo.

Hatua ya pili: mavazi, ambayo kwangu ndiyo kinga ya kutegemewa zaidi. Linyanyue shati la mikono mirefu kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwa wingi, chukua jingine, na ujue kwamba pamba iliyolowa hupitisha miale zaidi. Kofia ya pama ni bora kuliko kapelo, kwa sababu kapelo huacha masikio na shingo wazi. Miwani iwe na alama ya UV400, yaani inazuia miale ya urujuanimno, kwani kioo cheusi kisicho na kinga hupanua mboni na kuingiza miale zaidi jichoni.

Hatua ya tatu: losheni ya jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Ipakwe dakika 20 kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Wengi wetu hupaka kidogo mno: kwa uso na shingo, kamua mistari miwili kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati.

Maswali ya wanakikundi

Swali: Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji haya yote?
Jibu: Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huchelewesha kuungua, lakini haiyalindi macho, na jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho. Kofia na miwani ni vya kila mtu.

Swali: Mafuta ya nazi yanatosha?
Jibu: Hapana. Yanalainisha ngozi tu.

Swali: Mwanangu ana ualbino na anapenda sana kuogelea. Nimkataze?
Jibu: Usimkataze, dada yangu, mpeleke asubuhi mapema au baada ya saa kumi na moja jioni, akiwa na nguo ya mikono mirefu hata majini. Ulizia losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, mpeleke hospitali bila kusubiri.

Swali: Sisi tunaoanika dagaa tutaepukaje jua la mchana?
Jibu: Dagaa ndio wanaohitaji jua, mama, si wewe. Tandaza mapema, jifunike kitenge kizito kichwani hadi mabegani, toka kugeuza tu, kisha urudi kibandani.